Kutoka Kidato cha Nne Kwenda cha Tano: Tuwaandae Vipi Vijana Wetu kwa Somo la Hisabati?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Kila mwaka, mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapomalizika mwezi wa Novemba, na tena matokeo yanapotoka, wazee huja na maswali yanayofanana. Mmoja huuliza: mwanangu amepata C ya hisabati naye anataka kusoma PCM, je, nimwache? Mwengine huuliza: binti yangu anaweza, lakini jamaa wanasema hesabu za juu si za mwanamke, dini inasemaje? Wa tatu huuliza: nimtoe chuoni ili apate nafasi ya tuisheni?

Tutayajibu maswali haya hapa kwa pamoja, in shaa Allah. Tutaanza na upande wa dini, kisha tutalitazama somo lenyewe, kwani ni vigumu kumshauri mtoto juu ya safari ambayo wewe mwenyewe hujui njia yake ikoje.

Hisabati katika mizani ya dini

Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) katika kitabu chake cha Ihyaa Ulumid-Din ameitaja elimu ya hesabu kuwa miongoni mwa fardhi kifaya, pamoja na elimu ya tiba. Sababu yake iko wazi: watu wanaihitaji katika miamala yao, katika kugawa wasia na katika mirathi. Wakiwapo wenye kuijua kwa kiasi cha haja, wengine wamesalimika. Asipokuwepo hata mmoja, mji mzima uko matatani.

Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah (S.W.) anatueleza kwamba ameupimia mwezi vituo vyake ili sisi tujue idadi ya miaka na hesabu. Funga yetu, Hija yetu, nyakati za Sala na mwelekeo wa Qibla, vyote vina hesabu ndani yake. Na mafungu ya mirathi katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, yametajwa kwa sehemu kamili: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi.

Ndiyo maana haishangazi kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9, alipoandika kitabu chake cha al-Jabr wal-Muqabala, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliifanya ya masuala ya wasia na mirathi. Kutokana na neno al-jabr dunia nzima ikapata neno aljebra. Kijana wa Kiislamu anayekaa kutatua mlinganyo anaendeleza kazi ambayo wanazuoni wetu waliifanya ili haki ya yatima na mjane isipotee.

Basi jambo la kwanza la kumuandalia mtoto ni nia. Akisoma ili awe mwalimu, mhandisi, daktari au mhasibu atakayewafaa watu wa visiwa hivi kwa uaminifu, yumo katika kuondoa fardhi kifaya juu yetu sote. Kila mzee anaujua uzito wa skuli kukosa mwalimu wa hisabati.

Nini hasa kinabadilika?

Vijana wengi huingia kidato cha tano wakidhani kwamba hisabati itakuwa ile ile, ila ndefu zaidi. Wiki chache baadaye wanakata tamaa. Yapo mambo mawili makubwa yanayobadilika.

La kwanza: yale aliyokuwa akifundishwa sasa yanachukuliwa kuwa anayajua. Mwalimu wa kidato cha tano hana nafasi ya kurudi kwenye mabano na sehemu. Ana kalkulasi, namba changamano, mantiki, vekta na mengineyo ya kumaliza. Tutazame mfano mmoja.

Katika kalkulasi mwanafunzi anaulizwa: x² inabadilika kwa kasi gani x inapoongezeka? Anaiongezea x kiasi kidogo, tukiite h, anapata (x + h)². Anatoa x² ya mwanzo, kisha anagawa kwa h. Akifungua mabano anapata x² + 2xh + h². Akitoa x² yanabaki 2xh + h². Akigawa kwa h anapata 2x + h. Mwisho h inaachwa ipungue mpaka kukaribia sifuri, na jibu ni 2x.

Fikra mpya hapo ni moja tu, ile ya h kukaribia sifuri. Hatua nyengine zote ni za madarasa ya nyuma. Sasa mchukue kijana aliyezoea kuandika kwamba (x + h)² ni x² + h². Akitoa x² na kugawa kwa h, kinabaki h peke yake, nayo inakwenda sifuri. Atahitimisha kwamba x² haibadiliki kabisa! Atarudi nyumbani akisema kalkulasi ni ngumu, kumbe kalkulasi hajaigusa. Kilichomuangusha ni mabano.

La pili: jibu peke yake halitoshi tena, inatakiwa hoja. Mwambie kijana ajumlishe namba witiri: 1 + 3 ni 4, 1 + 3 + 5 ni 9, 1 + 3 + 5 + 7 ni 16. Ataona kwamba kila mara zinatoka namba za mraba. Katika kidato cha nne kuona hivyo kunatosha. Katika kidato cha tano ataambiwa: thibitisha kwamba itakuwa hivyo daima, hata ukijumlisha namba milioni.

Hoja yake inakwenda hivi. Tuseme namba witiri n za mwanzo zimetoa n². Witiri inayofuata ni 2n + 1. Ukiiongeza unapata n² + 2n + 1, ambayo ndiyo (n + 1)². Kwa hiyo kila hatua ikiwa sahihi, inayofuata nayo ni sahihi. Na hatua ya mwanzo ni sahihi, kwani 1 ni 1². Ni mfano wa mnyororo: pete ya kwanza imeshika, na kila pete inaishika ya pili yake, basi hakuna inayodondoka.

Hapa nina neno kwa watoto waliolelewa chuoni. Hifdhi ni neema kubwa, na Qur'ani inahifadhiwa kama ilivyo, herufi kwa herufi. Lakini kijana asiipeleke njia hiyo kwenye hisabati, akahifadhi majibu ya mitihani iliyopita kama anavyohifadhi sura. Mfano wake wa kufuata ni mwanafunzi wa faraidh. Huyo anahifadhi mafungu, lakini kila maiti ana warithi wake, na kila suala ni lazima alifikirie upya. Hisabati ya juu iko hivyo hivyo: kanuni zinahifadhiwa, masuala yanafikiriwa.

C yako ni ya namna gani?

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kwanza. Katika mtihani wa kidato cha nne, daraja C linaanzia alama 45 mpaka 64. Maana yake, mtoto anaweza kupata C na huku alama 55 kati ya 100 zimempita. C hiyo ni halali yake, al-hamdulillah, lakini kidato cha tano kitajengwa pia juu ya zile 55 zilizompita. Tena huko juu vipimo vinapanda: katika mtihani wa kidato cha sita, C inaanzia alama 60.

Hivyo usimuulize mtoto tu, "Umepata ngapi?" Muulize, "Mada gani uliziacha?" Mwenye C ambaye aliangushwa na mada mbili tatu, lakini aljebra yake ni safi, ana msingi. Mwenye C aliyoikusanya kwenye takwimu, seti na hesabu za biashara huku akikimbia kila penye x, huyo anahitaji kazi kubwa kabla ya kuingia PCM, EGM au PGM. Hata anayekwenda PCB asijidanganye kwamba ameagana na hesabu. Atakutana na hisabati tumizi, na fizikia na kemia zake zimejaa milinganyo.

Mambo matano ya kusawazisha

Tangu mtihani wa Novemba mpaka kuripoti kidato cha tano ni miezi kadhaa, na miezi hiyo vijana wengi huipoteza kwenye simu na vijiweni. Haya ndiyo mambo matano ya kuyashika, kila moja na swali la kumpimia mtoto.

1. Sehemu. Tuanze na mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, mabinti wawili na ndugu wa kiume wa baba na mama. Mke ana thumuni, mama sudusi, mabinti theluthi mbili. Kigawe kidogo cha shirika cha 8, 6 na 3 ni 24. Mke anapata 3, mama 4, mabinti 16, jumla 23. Iliyobaki ni 1 kati ya 24, nayo ni ya ndugu kwa uasaba. Sasa geuza suala: ikiwa ndugu amepata shilingi 500,000, mali yote ilikuwa kiasi gani? Ukiiita mali x, basi x/24 = 500,000, na x ni shilingi 12,000,000. Hapo mtoto ameshaingia kwenye aljebra kupitia mlango wa faraidh. Mpime: 1/x + 1/3 = 1/2, x ni ngapi? (Jibu ni 6.)

2. Mabano na alama ya kutoa. Mpime: fungua 5 − 2(3 − x). Jibu ni 2x − 1. Wengi huandika −2x − 1, kwa sababu wamesahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Kosa hili dogo ndilo linaloharibu kurasa nzima huko mbele. Akikosea mara moja si neno, lakini akikosea mara tatu katika maswali kumi, akae hapo mpaka limtoke.

3. Milinganyo yenye kipeo cha pili. Wengi wamehifadhi fomula bila kujua ilikotoka. Mwoneshe njia ya al-Khwarizmi mwenyewe kwa mfano wake maarufu: x² + 10x = 39. Chora mraba wenye upande x. Igawe 10x mara mbili, upate mistatili miwili ya upana 5, uibandike kwenye pande mbili za mraba. Pembeni kinabaki kijishimo cha mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Ukijaza hicho, umepata mraba mkubwa wenye eneo la 39 + 25, yaani 64. Upande wake ni 8, nao ni x + 5, basi x ni 3. Siku hizi tunaongeza na jibu la hasi, −13, ambalo mchoro haulioneshi. Kijana akiifahamu picha hii, fomula yenyewe ataweza kuitoa kwa mkono wake.

4. Vipeo na logi. Mpime: 2³ × 2⁴ ni 2⁷, au ni 4⁷? (Ni 2⁷.) Kisha mwambie: ikiwa logi ya 2 ni 0.3010, tafuta logi ya 8 na logi ya 5 bila ya mashine wala jedwali. Logi ya 8 ni mara tatu ya 0.3010, yaani 0.9030. Logi ya 5 ni logi ya 10 ukitoa logi ya 2, yaani 1 − 0.3010 = 0.6990. Akiweza kukueleza kwa nini, amefahamu.

5. Trigonometria na grafu. Asihifadhi tu kwamba saini ya nyuzi 30 ni nusu. Achore pembetatu yenye pande tatu sawa za 2, aigawe katikati, aone mwenyewe kwamba msingi ni 1 na kimo ni kipeuo cha pili cha 3. Kisha achore grafu ya y = x² − 4x + 3, aoneshe kwamba inakata mstari wa x kwenye 1 na 3, na kwamba inashuka mpaka −1 pale x inapokuwa 2.

Liko na jambo la sita, nalo ni lugha. Somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto awe na ukurasa mmoja wa maneno ya amri yanayokuja katika maswali: neno la kumtaka athibitishe, la kumtaka aoneshe, na lile la kumtaka atumie jibu alilokwishalipata katika kipengele cha kabla. Hili la mwisho wengi hulipita, wakaanza kazi upya na muda ukawaishia.

Utaratibu wa wiki kumi

Saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 10, ni saa 75. Gawa wiki mbili kwa kila moja ya mambo matano. Saa moja iwe baada ya Alfajiri, wakati akili imetulia, na nusu saa baada ya Alasiri ya kurudia yale yaliyomshinda asubuhi. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia humo, nusu saa ile ihamie baada ya Tarawehe au iachwe.

Awe na madaftari mawili. Moja la kazi, jengine la makosa. Kila alipokosea, aandike swali, aandike alipokosea, kisha baada ya siku tatu alifanye tena bila ya kutazama. Mashine ya kuhesabia aizoee, kwani huko mbele ataitumia, lakini katika wiki hizi kumi kazi ya mkono itangulie.

Mzee ambaye hakusoma hesabu asijione hana la kufanya. Kaa naye baada ya Isha, mwambie, "Nieleze ulichosoma leo." Akikwama katika kueleza, hapo ndipo asipopajua. Hii ni kazi ya baba, ya mama, hata ya bibi.

Na maimamu na walimu wa vyuo, ukumbi wa madrasa uliokuwa mtupu asubuhi ungeweza kukusanya vijana kumi, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi likizo akawasomesha. Mwenye uwezo akinunua vitabu viwili vitatu vya hisabati akaviweka wakfu hapo, hiyo ni sadaka ambayo, kwa idhini ya Allah, itaendelea maadamu elimu yake inanufaisha.

Majibu ya maswali ya wazee

Je, aache chuo ili asome hesabu? Hapana haja hiyo. Saa moja na nusu kwa siku haiondoi darsa la Qur'ani. Anayesema hapana nafasi, kwanza ahesabu saa za simu. Kupunguza darsa kwa muda katika wiki za mtihani si vibaya, kwa makubaliano na mwalimu wake. Ama kumkatisha kabisa, hiyo ni hasara, kwani kijana huyu anakwenda dakhalia au skuli za Bara ambako hatakuwa na wa kumuamsha Alfajiri ila dini iliyomo moyoni mwake.

Je, binti asome hisabati za juu? Ndiyo, akiwa na uwezo na utashi, na mazingira yakiwa salama na yenye sitara. Baghdad katika karne ya 4 Hijria aliishi Sutayta bint al-Husayn al-Mahamili, aliyefariki mwaka 377 Hijria. Wanahistoria wamemtaja kuwa alihifadhi Qur'ani, alikuwa faqihi katika madhehebu ya Imam Shafi'i, madhehebu yetu hapa visiwani, na alikuwa bingwa wa faraidh na hesabu. Mzee akague dakhalia, amjue msimamizi wake, aulize usafiri. Hayo ndiyo ya kuuliza. Uwezo wa akili ya mwanamke si suala.

Je, ni lazima nilipie tuisheni? Kila mmoja hutoa kwa kadiri ya wasaa wake, kama tunavyofundishwa katika Surat At-Talaq, aya ya 7. Mwenye nacho atoe, asiye nacho hana dhambi, na kikundi cha vijana wanne wenye bidii kinaweza kuziba pengo hilo. Kukopa kwa riba kwa ajili ya tuisheni haifai. Na tuisheni iwe mahali pa wazi, bila ya faragha baina ya mwalimu na binti.

Je, kununua mitihani inayodaiwa kuvuja? Ni haramu kwa muuzaji, kwa mnunuzi na kwa mzee anayetoa fedha. Ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amemtenga mwenye kughushi na umma huu. Na juu ya dhambi yake, mtihani wa wizi utampeleka mtoto mahali ambapo msingi wake haumbebi, na fedheha itakuja baadaye mbele ya watu.

Na kama baada ya wiki kumi za bidii mtoto bado anaelemewa? Hapa nawaomba wazee wenzangu tumche Allah. Tusimlazimishe PCM kwa sababu jirani ana mtoto mhandisi. Ziko tahasusi nyengine, viko vyuo vya mafunzo ya amali, na umma unamhitaji pia mwanasheria, mwalimu wa lugha na fundi muaminifu. Fardhi kifaya maana yake ndiyo hiyo: kila mmoja abebe alichojaaliwa kukiweza. Kijana akiambiwa kila siku nyumbani kwamba yeye ni mjinga, hatapata hesabu wala hatabaki na mapenzi ya elimu.

Tuwafundishe watoto wetu wasome ile dua aliyofundishwa Mtume (S.A.W.) katika Surat Taha, aya ya 114, ya kumuomba Mola azidishe elimu. Waisome kisha wakae chini, wafungue daftari, wafanye kazi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awahifadhi huko waendako, na awajaalie kuwa kitulizo cha macho kwa wazee wao na nguzo kwa visiwa vyetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.